Fundi wa Mabomba ya Moto

Pa. Kisha kimya kidogo. Kisha pa-pa, kama mtu anayealisha vidole vyake vilie kimoja kimoja akiwa hana haraka.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia katika karakana ya Fundi pale Kasese mjini. Hata leo nikiwa naosha vyombo nikaisikia juu ya paa la mtu, mkono wangu unasimama ndani ya maji. Siku ile nilidhani kuna mtu anatupia mabati mawe. Nilishika ufagio nikatoka nje nimtafute. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limetoka kwenye wingu, lile jua letu lisilobisha hodi, na barabarani hapakuwa na kiumbe ila mbuzi wa jirani. Niliporudi ndani nilimkuta Fundi ameinua kidole kimoja.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni bati inanyoosha mwili. Weka fagio chini, sikiza."

Nikasikiliza. Wingu likarudi, bati likasema pa tena, mara hii kwa sauti nzito. "Sasa inajikunja," akasema, na uso wake ulijaa furaha ya mzazi aliyemsikia mwanawe akitamka neno la kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma sekondari mpaka sinia ya pili, nimeajiriwa kufagia. Lakini mimi ni mtu wa ndoto, ndivyo nilivyoumbwa. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshajenga kichwani bomba moja refu la kuyachukua maji yanayochemka yenyewe chini ya milima yetu na kuyafikisha jikoni kwa kila mama wa Kasese, na mimi nimesimama juu yake nimevaa kofia ya njano. Nilimwambia Fundi. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na ikipata joto, hiyo bomba yako itaenda wapi?"

Nikauokota ufagio wangu.

"Ukipata jibu utaacha fagio, utashika chaki."

Ndipo nilipoanza kuitamani ile chaki. Ilikuwa kipande cheupe tu, amekifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati, lakini aliyeishika ndiye aliyepima, na aliyepima ndiye fundi. Wengine wote tulikuwa mikono.

Watu walidhani anaunganisha mabomba kama mafundi wengine. La. Bomba la maji baridi, alikuwa akisema, hata mlevi anaweza kulifunga. Yeye alikuwa wa mabomba ya moto: ya mvuke, ya maji ya kuoga kwenye nyumba za wageni, ya majiko makubwa ya shule. Bomba la moto hurefuka kila linapowashwa na hufupika kila linapopoa, na usipolipa pa kwenda litajitafutia lenyewe, kupitia ukuta wako. Akija mteja mpya, Fundi hakumwambia maneno mengi. Alilaza kipande cha bomba juu ya benchi, akakibana upande mmoja, akachora mstari wa chaki pale lilipoishia upande wa pili, kisha akaweka sufuria ya makaa chini yake na kumpa mteja chai. Chai ikiisha, bomba limeuvuka mstari.

"Ona," anasema. "Imekula hiyo kidogo tu. Sasa hesabu mpaka mwisho ya nyumba yako."

Wateja waliondoka wakikitazama kile kipande cha bomba kama mtu aliyegundua kuwa paka wake anaongea.

Kuna mwenye nyumba ya wageni mmoja aliyekuja akiwa ameshamshtaki jirani yake kwa mwenyekiti wa kijiji. Usiku na asubuhi ukuta wa bafu unagongwa kutoka ndani, vigae vinaanguka, wageni wanakimbia. Alikuwa na hakika jirani amemtupia kitu. Fundi alienda akaketi kwenye kibao bafuni kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, mikono magotini, akisubiri maji ya moto yafunguliwe. Yalipofunguliwa, ukuta ukagonga. Fundi akagonga naye, mara mbili, kwa adabu, kama anayemjibu mtu mlangoni.

"Si jirani," akasema. "Ni mfungwa. Mumemzika na simenti kila mahali, na yeye anataka kunyoosha mguu."

Dawa yake ilikuwa kitu tulichokiita goti. Bomba linakuja limenyooka, halafu linapinda pembeni, linaenda mbele kidogo, linarudi, ndipo linaendelea na safari. Ukiliangalia utasema ni ujinga, mtu kazunguka nyumba kwenda kwa jirani wa ukuta mmoja. Lakini joto likija, pande zote mbili zinasukumana kuelekea pale kwenye goti, na goti linajibana kidogo, halafu jioni linajiachia. Fundi alikuwa na msemo: "Bomba isiyo na goti itapiga magoti." Na mwingine: "Funga miguu na kichwa, kiuno uache." Maana yake ni kwamba bomba hulikazi kwa nguvu ila mwanzoni na mwishoni. Njiani kote vibanio vyake ni vya kulishika tu lisianguke, na kati ya kibanio na bomba lazima sarafu ipite. Bomba linatakiwa kutembea ndani ya kibanio kama mtu ndani ya shati kubwa.

Sasa, huyo mtu aliyehubiri nafasi kwa vyuma vyote vya wilaya, mwenyewe alikuwa hana nafasi hata ya ukucha. Shati lake alilifunga mpaka kifungo cha koo, Kasese, mchana, jua la utosi. Chai saa nne, siyo saa nne na dakika. Kiti chake kilikuwa kile kimoja chenye mguu uliochomelewa, na ukikikalia alisimama mbele yako bila kusema kitu mpaka ukaona haya. Mkewe, mama mcheshi aliyetuletea uji, aliwahi kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule ili apate hewa ya dirisha. Fundi alirudi akakitazama, akatandika mkeka pale kitanda kilipokuwa, akalala chini siku tatu.

"Huyu Mungu alimfanya mtu kwa huruma," mama alituambia. "Angekuwa bomba, angepasuka kitambo!"

Kwa watu alizungumza polepole, lakini kwa mabomba alifoka. Ujanani alifunga mabomba kwenye kambi za askari, na amri zao zilimganda mdomoni. "Simama! Geuka! Wewe, unaangalia wapi?" Mteja akisikia anageuka nyuma aone ni nani anayekemewa, kumbe ni chuma. Na wanawake wa mtaa walimletea chupa zao za asali zenye vifuniko vya bati vilivyogoma. Anamwagia kifuniko maji ya moto, anahesabu kimoyomoyo, anazungusha kwa vidole viwili. "Kifuniko imepanuka, chupa imechelewa," anasema, na mama anaondoka akicheka. Siku nyingine walikuwa wamepanga mstari na chupa zao, na kazi ya watu inasubiri.

Nilimpenda. Niseme tu. Baba yangu ni mtu mwema lakini hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake hakulijua. Fundi aliniuliza bomba langu litaenda wapi. Miezi minane nilifagia, nikabeba, nikapiga rangi, nikingoja aniulize tena.

Halafu akaja Masika.

Alitoka Butembo, Kongo, amevuka mpaka na mama yake pale Mpondwe kwa sababu ya vita, na alijua kuchomelea tangu kwao. Mtu wa huku akisikia jina lake anajua ni mtoto wa kike wa kwanza, na akisikia langu, Biira, anajua ni wa pili. Kwao na kwetu ni hivyohivyo, mpaka haujabadilisha hesabu hiyo. Fundi alifurahi sana. "Masika na Biira! Mumekuja kwa mstari." Nami nikacheka pamoja nao, lakini moyoni nikasema, mstari gani, na mimi nilikuwa hapa kabla yake?

Mimi na Masika tungeweza kuelewana kwa lugha ya nyumbani, maana Kinande na Lhukonzo ni mtu na ndugu yake. Lakini Fundi hakujua hata moja, kwa hiyo karakanani kilitembea Kiswahili, na cha Masika kilikuwa cha Kongo. Bomba aliliita tiyo. Wiki ya tatu nikamsikia Fundi, yule asiyehama kitanda, akisema, "Biira, niletee ile tiyo ndefu." Nilisimama nayo mkononi. Miezi minane, na hakuwahi kuokota neno hata moja kutoka kinywani mwangu.

Kibaya zaidi, Masika alikuwa mwema. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kumwaga, na aliniita mudogo yangu. Wivu unataka adui mbaya ili upate pa kushikia. Masika alinigawia muhogo wake.

Siku moja Fundi alitupeleka Bugoye, kwenye bonde la Mubuku, tuone bomba kubwa linaloteremsha maji mlimani kwenda kuzungusha mashine za umeme. Hatukuingia. Tulisimama nje ya uzio kama watu waliokuja kutazama harusi wasiyoalikwa. Bomba lilikuwa nene kuliko nyumba ya bibi yangu, limelala juu ya vitako vya zege.

"Munaona nini?" Fundi akauliza.

Nilijibu haraka, ili niwahi. "Bomba kubwa, Fundi. Nguvu ya maji. Maendeleo!"

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemshukuru mtoto kwa wimbo. Masika alikuwa ameshika waya za uzio.

"Fundi, pale ku kitako," akasema. "Rangi imekwisha. Imesuguliwa, iko nangara. Ile tiyo iko natembea."

Kweli. Palikuwa na kipande kama upana wa kiganja ambapo rangi ilikuwa imelika na chuma kinang'aa. Bomba zito kama lile lilikuwa likiteleza juu ya zege, mbele na nyuma, mchana na usiku, na limeandika safari yake lenyewe. Fundi alifungua uzi kwenye kifungo chake, akavunja chaki vipande viwili, akampa Masika kimoja, naye akakifunga shingoni.

Mimi ndiye niliyebeba chakula siku hiyo. Nilirudi na sufuria tupu, na njia nzima niliimba, kwa sababu mimi nikiumia naimba.

Toka hapo Fundi alimfundisha Masika kwanza. Nilimwona mara moja akikata bomba fupi kuliko nafasi yake, makusudi, halafu wanalivuta na mnyororo likiwa baridi mpaka ncha zikutane. Sikuelewa, na nilikataa kuuliza. Masika ndiye aliyenifuata. "Kuya nikuonyeshe, mudogo yangu. Fundi anasema tiyo ilale na njaa kidogo, ili ikishiba isitapike." Alikuwa anaeleza vizuri, ndiyo taabu. Bomba lililovutwa likiwa baridi, likipata moto linarefuka kuja kwenye utulivu wake badala ya kuupita. Nilielewa mara moja, nikamchukia mara moja.

Nimefika sasa mahali ambapo ningependa kuruka.

Juu ya Bwera, kwenye miteremko, mama mmoja mwenye kiwanda cha kahawa alitaka nyumba ya kukaushia. Mvua za huko hazisubiri kahawa ikauke juani. Fundi alikubali kujenga boila ya kuni upande mmoja na bomba la mvuke lipite ukuta mzima, chini ya vichanja, urefu wa madarasa matatu yakiunganishwa, na goti katikati. Kabla hatujaanza alituita.

"Mimi macho yangu yanachoka," alisema. "Baada ya hii kazi, mmoja wenu atakuwa anapima na mimi nakaa. Masika atachora goti na ataweka vibanio. Biira atapiga rangi. Tutaona."

Tutaona. Neno hilo nililipeleka kitandani.

Masika alifanya kazi yake siku nne. Siku ya mwisho jioni, jua bado lipo, Fundi aliteremka na Masika sokoni Bwera kumtafuta mwenye kuni, nami nikabaki na kopo la rangi. Nilipofika kwenye kibanio cha kwanza, bomba lilicheza. Cha pili pia. Nilijua kwa nini vinacheza. Sarafu lazima ipite, nilikuwa nimesikia mara mia. Lakini nilitoa sarafu mfukoni nikapima, na kwenye vibanio vya Masika zilipita mbili. Mbili! Nikafurahi kama aliyeokota kitu. Nikasema, amezidisha, amefanya ovyo, kesho mama mwenye kiwanda ataligusa bomba litikisike, na Fundi ataaibika. Nikachukua spana. Nilianza kukaza mpaka sarafu moja. Halafu cha tatu kikaenda kidogo zaidi. Halafu mkono ukapata utamu wake, na nilikuwa nawaza Fundi akipita asubuhi, akitikisa vibanio, akisema, nani huyu amefanya kazi imara hivi? Nilivikaza vyote upande mmoja wa goti. Kisha nikapiga rangi juu ya nati, rangi nzuri ya fedha, isionekane kuwa imeguswa.

Asubuhi boila ikawashwa. Wanawake wanaochambua kahawa walikuwa wamekaa na vikapu vyao, mama mwenye kiwanda amevaa gomesi, gauni lake la sherehe. Bomba likaanza kusema tik, tik, tik, na Fundi akatabasamu. Halafu tik zikaisha, ukaja mlio mrefu ambao sikuwahi kuusikia, kama ng'ombe aliyekwama mlangoni. Bomba lilitoka tumbo kati ya vibanio viwili, taratibu, mbele ya macho yetu. Kibanio kimoja kiling'oka na donge la ukuta, donge likaangukia kikapu cha kahawa, na kwenye kiungo cha karibu mvuke ukatoka ukipiga mluzi. Wanawake walikimbia. Masika alikimbia pia, lakini yeye kwenda kule kule kwenye mluzi, akafunga koki kwa mikono yake. Mkono wa kushoto uliungua kutoka kifundo hadi kiwiko.

Fundi alikigusa kila kibanio. Rangi ya nati ilikuwa imepasuka kidogo tu.

"Nani amekaza hizi?"

Masika alikuwa ametumbukiza mkono kwenye ndoo. "Fundi, mie nililegeza. Nililegeza yote. Naapa."

"Ni upande yako."

"Iko upande yangu, ndiyo. Lakini mie nililegeza."

"Chuma haisemi uongo," Fundi akasema.

Alinitazama mimi kidogo. Kidogo sana. Nilikuwa nimeshika kopo la rangi kwa mikono miwili. Nilijiambia, akiniuliza nitasema. Hakuniuliza. Kwa nini amuulize mpiga rangi?

Alikifungua kile kipande cha chaki kutoka shingoni kwa Masika yeye mwenyewe, kwa upole, kwa sababu Masika hakuweza kutumia mkono. Siku ya tatu Masika hakuja kazini, wala ya nne; alikuwa amerudi kwa mama yake Mpondwe. Alinitumia salamu kwa mtu: "Mwambie mudogo yangu asiache kunywa chai." Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Nafikiri hakumaanisha kitu, alinisalimia tu.

Basi nikaipata chaki. Miaka mitatu nimepima. Nimefunga goti Karusandara, nimefunga Kasese mjini, na hakuna ukuta wangu uliolia. Ungedhani wivu umekwisha, maana mwenye kuonewa wivu hayupo. Ulinenepa. Kila nilipochora, Fundi aliegemea ukuta na kusema, "Sawa." Sawa tu. Kisha baada ya muda, akiwa ametazama mbali, "Masika angepitisha huku." Hakunisimanga, alikuwa anakumbuka. Nilitamani mara elfu anisimange.

Mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka na ameacha kutoka. Nilimtembelea mwezi uliopita nyumbani kwake nikiwa na unga wa muhogo na nanasi, na habari moja iliyokuwa ikinichekesha peke yangu njiani: nimemaliza kazi yangu ya kwanza isiyo na jina lake. Nyumba ya wageni Bwera, maji ya moto ghorofa mbili, nimechora mwenyewe. Nilimkuta kwenye kiti chake chenye mguu uliochomelewa, shati limefungwa mpaka kooni. Mkewe ndiye humfunga vifungo siku hizi.

"Goti uliweka wapi?" aliuliza kabla sijakaa.

Nilimwelezea. Nilichora hewani kwa kidole. Nilimwambia jinsi nilivyolificha nyuma ya ngazi, jinsi nilivyolilaza na njaa, sarafu ngapi. Alifuata kila kitu kwa macho, na mwishoni akaitikia kwa kichwa, kwa namna ambayo nilikuwa nimeingoja tangu siku ya ufagio.

"Vizuri, binti. Vizuri kabisa." Kisha akatazama mlangoni. "Masika angefurahi kuona."

Nilichosema baada ya hapo sikukisema kwa sababu ya wema. Nataka ieleweke. Padri ananifahamu, mama yangu ananifahamu, kote huko nilinyamaza. Nilisema kwa sababu sikuweza kulisikia jina lile tena, mara moja zaidi, siku iliyokuwa yangu.

"Masika hakukaza," nikasema. "Ni mimi. Vyote. Nikapiga rangi juu."

Mama aliyekuwa akimenya nanasi aliacha kumenya.

Juu yetu bati lilikuwa kimya, ilikuwa siku ya mawingu.

"Aliapa mbele yangu," Fundi akasema. "Mkono uko ndani ya ndoo, anaapa. Na mimi nikamwambia chuma haisemi uongo."

"Fundi, nisamehe."

"Mimi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwomba kazi ya maji baridi. "Mimi niliungua wapi?"

"Fundi…"

"Simama," akasema. Ilikuwa ile sauti aliyoyawekea mabomba. Katika miaka yote hajawahi kuitumia kwangu. "Simama! Mimi siwezi kufika Mpondwe. Wewe uko na miguu. Na ukifika, umwambie na ya kwangu. Umwambie mzee hakuuliza vizuri."

Mama alinisindikiza hadi nje, na kisu bado mkononi. "Nenda, mwanangu," alisema. "Usimwangalie. Leo hatalala kitandani huyo."

Kesho yake nilipanda gari, nikateremka Bwera, nikatembea mpaka Mpondwe. Njiani nilijaribu maneno. Nilianza kwa Lhukonzo, nikaona ni kama ninajipendekeza kwa udugu, nikabadilisha Kiswahili, nikaona ni kama ninamwandikia mkubwa. Jirani aliyekuwa anafunga mlango wake alinionyesha nyumba, vyumba viwili vya udongo vilivyosilibwa vizuri, na uwanja umefagiwa.

"Masika na mama yake bamevuka Kongo asubuhi, beko ku mazishi," alisema. "Batarudi leo, lakini sijui saa. Wewe ni nani yake?"

Nilifungua mdomo. "Nilifanya naye kazi."

"Ah. Basi mungojee," akasema, akajitwika kikapu chake, akaenda sokoni.

Nilikaa kizingitini. Upande wa milima kulikuwa kumeshakuwa kweusi, na upepo wa mvua ulianza kupekua nguo zilizoanikwa kwenye kamba uani. Kitenge cha mama yake. Shuka. Soksi. Mwishoni kabisa ovaroli la bluu, na kifuani lilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya cheche, vingine bado vina ukingo mweusi. Cheche mpya. Kwa hiyo anachomelea. Kuna karakana mahali fulani, na mtu mwingine anayemwita aje aone, na mimi sikujua. Mkono wa kushoto wa lile ovaroli ulikuwa umeshonewa kitambaa laini kwa ndani, kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Wivu ukanichoma, pale pale. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha na bado ukanichoma. Nililitoa ovaroli kwenye kamba nikalishika mabegani mwangu nilipime. Mikono ilinizidi, miguu ilinizidi.

Tone la kwanza likaanguka. Nilianua vyote mbio mbio, kitenge, shuka, soksi nikizitafutia wenzao, nikakimbia navyo barazani. Baraza lilikuwa jembamba na mvua ya kule inakuja kwa ubavu. Basi nikakunja kila kimoja, ovaroli la mwisho, mkono wa kushoto nikaukunjia ndani, nikaviweka vyote mapajani, nikaivua leso yangu kichwani nikavifunika. Maji yalinipiga shingoni. Niliegemea mlango wao uliofungwa, nikaangalia njia ya mpakani.